Kupe wa Serikali

"Umeridhika sasa?"

Hapo ndipo tulipomwacha Marlys Dahlgren: mbele ya jukwaa la ukumbi wa shule ya Harlow. Juu ya jukwaa, Gordon Teske, mgombea ubunge, alikuwa ameanguka chali katikati ya mdahalo, uso umegeuka majivu. Aliyeuliza swali ni LaVonne, mkewe. Alikuwa amepiga magoti, mkono kifuani mwa mumewe, macho yamemganda Marlys.

Muda mfupi kabla ya hapo ukumbi mzima ulikuwa ukiimba: "Kupe! Kupe! Kupe!"

Na neno hilo nani aliyewapa? Marlys.

"LaVonne, mimi..."

"Jina langu usilitaje. Toka."

Wahudumu wa gari la wagonjwa wakapita mbio na machela. Umati ukapisha. Mzee mmoja mwenye kofia ya kampuni ya mbegu akamsogelea Marlys, akampigapiga begani kama mtu anayempongeza bibi harusi.

"Umemmaliza, Bi Marlys. Kazi safi!"

Marlys alitoka nje, akajifungia garini mwake.

Kama leo ndiyo unajiunga nasi, shika haya machache upesi, maana hatukai. Marlys ni mjane, na ndiye mtangazaji wa asubuhi wa redio ya kaunti, huku Nebraska, Marekani. Wakulima wa mahindi na wafuga ng'ombe hunywa kahawa yao ya kwanza wakimsikiliza. Ni mhafidhina wa damu: kodi iwe ndogo, mpaka ulindwe, na Washington ikae mbali na shamba la mtu. Jumanne ni mchujo wa chama cha Republican, na kwa eneo hili anayeshinda mchujo ameshinda ubunge. Uchaguzi wa Novemba ni kukamilisha ratiba tu.

Wagombea ni wawili. Gordon ni sherifu mstaafu, mfugaji, rafiki wa Einar, marehemu mume wa Marlys. Mwenzake ni Brock Hanneman, tajiri kijana kutoka Omaha ambaye buti zake za wachunga ng'ombe bado zinalia kwa upya. Na mtu wa habari wa Brock ni Trent, mwana pekee wa Marlys.

Trent ndiye aliyemletea mama yake klipu. Ndani yake Gordon anasikika wazi kabisa: "Wakulima wetu ni kupe wa serikali."

Marlys aliirusha hewani asubuhi baada ya asubuhi, na kila mara akiongeza chumvi yake. Kaunti ikawaka.

Lakini lipo jambo ambalo Marlys hakumwambia mtu. Siku ile ya kwanza, kabla tu ya neno "wakulima", sikio lake lilinasa kitu. Pumzi iliyoanza na haikuisha. Mkato! Mtu aliyezeekea kwenye sauti hawezi kuukosa. Akajiambia, labda ni mtambo. Kisha akabonyeza kitufe.

*

Jumamosi asubuhi simu ya hospitali ililia. Gordon yu hai, na anamtaka Marlys.

LaVonne alimpokea mlangoni. Macho yaliyomchoma jana, leo yalitazama sakafu.

"Usikae sana. Moyo wake hautaki kelele."

Gordon alikuwa ameegemezwa mito, nyaya zimemtambaa kifuani. Alipomwona Marlys alitabasamu.

"Karibu, shemeji. Usiogope. Kitakachoniua ni uji wa hapa, si klipu yako."

"Gordon, sijui nianzie wapi."

"Anza kwa kuketi."

Akaketi. Gordon akamtazama kwa muda, kama alivyokuwa akiwatazama vijana walevi enzi za usherifu wake, bila hasira.

"Nikuulize neno moja tu. Siku ile kwenye kifungua kinywa cha wafugaji nilisema hivi: 'Kule Washington wapo wanaosema wakulima wetu ni kupe wa serikali. Mtu akija kuniambia hivyo nyumbani kwangu, nitamwonyesha mlango, na kofia yake itamfuata.' Wamekata kichwa, wamekata na mkia. Wewe ulijua?"

Ilikuwa nafasi ya Marlys kukiri. Mlango ulikuwa wazi, na aliyeufungua ni mwenyewe aliyekosewa.

"Sikujua," alisema.

Gordon akafumba macho, akaiachia pumzi ndefu.

"Ashukuriwe Mungu. Hilo ndilo lililonikalia kifuani kuliko ugonjwa. Kushindwa nakuweza, shemeji, nimeshindwa mengi. Lakini nikasema, Marlys huyu tuliyebeba naye jeneza la Einar, kama alijua..." Akautafuta mkono wake juu ya shuka, akaubana. "Basi. Yamekwisha."

Laiti angemtukana! Laiti angemfukuza, akampigia kelele za mwizi! Mkono wa Gordon ulikuwa wa moto, na Marlys aliuacha wake humo kama mtu aliyebana vidole mlangoni na anaona haya kulia.

LaVonne alikuwa dirishani, amewapa mgongo.

"Nilimwambia," alisema, kama anazungumza na kioo. "Nilimwambia moyo wake hauiwezi hiyo Washington. Nani alinisikiliza?"

*

Kutoka hospitali Marlys hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja ofisi ya kampeni ya Hanneman, kwenye lililokuwa duka la viatu. Trent alikuwa peke yake nyuma ya rundo la mabango, anakula mkate wa nyama na kabichi.

"Nani aliikata?"

"Mama, hata salamu?"

"Trent! Nani aliikata?"

"Mimi. Ulidhani nani, panya?"

Alisema huku anatafuna. Marlys akashika meza.

"Mtu amelazwa na nyaya kifuani."

"Najua. Nimemtumia maua."

"Maua!"

"Sasa nimtumie nini, mama? Usinitazame hivyo. Wewe ndiye uliyenifundisha. Nilikuwa nakaa mapajani mwako pale studio, unaniambia, kata pumzi, mwanangu, kata kigugumizi, mtu asikike safi."

"Nilikufundisha kukata kikohozi, sikukufundisha kukata ukweli!"

Trent akaweka mkate chini, akajifuta vidole kimoja kimoja.

"Siku niliyokuletea, uliisikiliza mara ya kwanza ukacheka. Mara ya pili hukucheka. Nilikuwa nakuona. Kidole chako kilisimama juu ya kitufe. Kisha ukasema nini?"

Marlys akayageuzia macho mabango.

"Ulisema, 'Hii itawaka.' Basi imewaka. Wewe umeshika kiberiti, mimi nimeshika kuni."

"Gordon ni mtu mwema, Trent."

"Watu wema ndio waliotufikisha hapa! Wanakwenda Washington, wanakaribishwa chakula cha jioni, wanachekeana na wale wa upande wa pili, wanarudi na kodi mpya wanatuambia ni maelewano. Hayo si maneno yangu. Ni yako. Nimekua nayo kama maziwa."

Na kweli yalikuwa yake. Hapo ndipo palipouma.

"Nitasema," Marlys alinong'ona.

Sasa Trent akabadilika. Ule ujeuri ukamtoka, akabaki kijana wa watu.

"Mama, ukisema nimekwisha. Brock atanitupa kama gunzi. Hakuna kampeni itakayonigusa tena nchi hii. Ngoja kura zihesabiwe Jumanne, kisha tubu utakavyo. Nakuomba. Una mwana mwingine?"

Jumapili kanisani watu walipanga foleni kumpa mkono. "Endelea kutusemea, Bi Marlys." "Mungu akutunze na sauti hiyo." Ulipofika wakati wa meza ya Bwana alibaki benchini, macho chini, na wanawake wa kwaya wakaona, wakagusana viwiko.

*

Jumatatu. Saa ya kahawa. Taa nyekundu ikawaka.

"Habari za asubuhi, Harlow, na nyote mlio kwenye trekta. Leo sina tangazo la mbolea wala la matairi. Leo nina langu."

Nyuma ya kioo, Delmar Vosburgh, mwenye redio, aliinua kichwa.

"Kwanza mnielewe. Sijahama chama. Nilivyokuwa ndivyo nilivyo. Nchi ni kama nyumba: nataka mlango, na mlango uwe na kitasa. Nasema bado kwamba serikali ikinenepa sana hukalia watu wadogo. Mtoto alelewe na wazazi wake, shamba liendeshwe na mwenye shamba. Mtu wa Washington akija kukufundisha kukamua, mwonyeshe ng'ombe dume. Haya nimeyasema miaka, na nitazikwa nayo."

Delmar akatabasamu, akarudi kwenye kahawa yake.

"Lakini sisi tunajiita wahafidhina. Tunahifadhi. Je, tunahifadhi nini, ndugu zangu, kama si neno la mtu? Zamani hapa ng'ombe waliuzwa kwa kupeana mkono tu. Neno la Gordon Teske mlilisikia hapa, kwangu. Na mimi nawaambia, neno lile lilikatwa."

Kahawa ya Delmar ikamwagika.

Marlys akaisema sentensi nzima, kichwa hadi mkia. Delmar alikuwa tayari kwenye kioo, anagonga kwa pete yake. Marlys akageuza kiti, akampa kisogo.

"Nilijua. Siku ya kwanza sikio langu liliusikia mkato nikaliziba, kwa sababu nilitaka ashinde ninayemtaka. Na Jumamosi Gordon aliniuliza kitandani kwake kama nilijua, nikamwambia sikujua. Gordon, kama unanisikia: nilidanganya. Mkono wako ulikuwa wa moto na mimi nilidanganya. Aliyekata ni mtu wa upande wa Brock. Jina lake nitalibeba mwenyewe."

Kifua chake kilikuwa chepesi kwa mara ya kwanza tangu aipate klipu ile.

Simu zikawaka zote.

"Bi Marlys," ilisema ya kwanza, sauti ya mwanamume wa makamo, "nataka kujua kitu kimoja. Wamekununua kwa bei gani?"

"Hakuna aliyeninunua."

"Kila mtu husema hivyo."

Ya pili ilikuwa ya mama mmoja, na alikuwa karibu kulia. "Mimi nimekusikiliza tangu mume wangu yu hai. Wewe mwenyewe ulitufundisha: anayegeuza kauli siku moja kabla ya kura, mtazame mfukoni. Si ulisema?"

"Nilisema, lakini..."

"Basi nakutazama mfukoni, dada. Nazima redio."

Ya tatu haikutaka hata mazungumzo. "Kupe ni kupe tu!" Akakata.

Marlys akabaki ameshika hedifoni kwa mikono miwili. Aliwafundisha wasimwamini mwenye gazeti, wasimwamini mwanazuoni, wasimwamini anayejuta hadharani. Walikuwa wanafunzi wazuri. Leo zamu ilikuwa yake.

Mara mlango wa studio ukafunguka.

Alikuwa Trent. Amevaa koti, nywele zimelowa mvua, anahema. Hakusema neno. Akavuta kiti cha mgeni, akavaa hedifoni, akajivutia kipaza sauti cha pili. Nyuma ya kioo Delmar alikuwa ameinua kidole gumba.

"Ndugu wasikilizaji," Trent alisema taratibu, "mimi ni Trent Dahlgren. Sikuja kubishana. Nimekuja kumchukua mama yangu nyumbani."

Marlys akageuka. "Trent, unafanya nini?"

"Familia yetu haikutaka kulisema hili." Akasita. Sauti ikamkwama kidogo, kwa kipimo. "Mama hayuko sawa. Imekuwa miezi sasa. Anasahau. Anachanganya mambo. Leo kasema kuna sentensi iliyokatwa, jana kanisani alisahau hata kwenda mezani, waliokuwepo waliona. Nawaomba msimkasirikie. Mwombeeni."

Msomaji, hakuna daktari aliyewahi kusema hivyo! Hapakuwa na miezi, hapakuwa na kusahau. Lakini simu zilipowaka tena, sauti zilikuwa zimelainika kama siagi juani.

"Maskini Bi Marlys. Tusamehe, mama."

"Mama yangu naye alianza hivyo hivyo. Pumzika, mpenzi. Tutakuletea chakula."

Matusi aliyaweza. Huruma hii ilimmaliza. Kila "pole" ilikuwa koleo la udongo, na chini ya udongo ule Gordon alikuwa akizikwa pamoja na ukweli wake. Tena mwanawe alijua kusita mahali pa kusita. Ule unyamavu mdogo kabla ya uongo, ule unaomfanya msikilizaji asogee karibu na redio, Marlys aliujua. Ulikuwa wake.

Chini ya meza Trent akamshika mkono. Marlys alipomtazama aliona machozi, ya kweli haya.

"Twende, mama," alinong'ona mbali na kipaza sauti. "Kubali tu. Hutapoteza jina. Na mimi sitapoteza. Sema umechoka."

Delmar alikuwa akiitikia kwa kichwa nyuma ya kioo. Kila mtu alikuwa anamtakia mema. Ilimpasa aseme neno moja dogo, kisha aende zake akalale.

Marlys akautoa mkono wake katika mkono wa mwanawe.

"Nina akili zangu timamu," alisema, na sauti haikutikisika. "Jina niliwaambia nitalibeba. Nimelitua. Aliyeikata sauti ya Gordon Teske ni Trent Dahlgren, niliyemzaa. Na aliyemfundisha kukata ni mimi. Sasa mpigieni Delmar simu, naye aniite mgonjwa akitaka."

Delmar aliacha kuitikia.

Trent hakupiga kelele. Alimtazama mama yake kama mtoto aliyeachwa kituoni, kisha uso ukamgandamana.

"Haya," alisema, na kipaza sauti kilikuwa wazi. "Umenitaja. Basi tutajane sote, mama, asibaki mtu."

"Hakuna mwingine wa kutaja."

"Hujawahi kujiuliza nani alirekodi?" Akainama mbele. "Kifungua kinywa kile walialikwa watu wa Gordon watupu. Hapakuwa na mtu wa Brock hata wa kumimina chai. Klipu ilirekodiwa meza ya mbele, karibu naye kiasi kwamba unasikia kijiko chake kikigonga kikombe. Simu ilikuwa mezani kwake, mama. Ya nani?"

Mawazoni Marlys alimwona tena yule mwanamke wa dirishani kule hospitali, mgongo umewageukia.

"Trent, nyamaza. Watu wanasikiliza."

"Alikuja mwenyewe ofisini, mlango wa nyuma, na kitambaa kichwani. Akaniwekea simu mezani. Akasema, 'Fanyeni mtakavyo, mradi ashindwe. Akienda Washington nitarudishiwa jeneza.' Analia hivi." Trent mwenyewe alikuwa analia. "Mimi nilikata, sawa. Lakini kuni sikuzitoa porini. Aliyezileta ni LaVonne Teske."

Delmar alikuwa ameganda, kidole juu ya swichi ya kuzima mtambo, hajui azime au aache. Kwenye ubao wa simu taa zote zilizimika moja baada ya moja, kana kwamba kaunti nzima imeweka chini simu ili isikilize vizuri.

Kisha ikawaka moja.

Marlys alibonyeza kabla ya kufikiri.

"Shemeji." Ilikuwa sauti ya Gordon, nzito, ya polepole, ya mtu anayekanyaga barafu asiyoiamini. "Yako nimeyasikia. Tutayazungumza, mimi na wewe, siku nyingine."

"Gordon, tafadhali, usijisumbue, moyo wako..."

"Niache niseme. LaVonne yuko hapa kando yangu. Ameizima redio, lakini amechelewa." Ikasikika pumzi, ndefu, iliyoanza na kuisha yote. "Sasa usikate simu. Nina neno kwa wapiga kura, na nataka mke wangu alisikie hali amenishika mkono."